Nitakwenda kwa Mwendo wa Watoto

Neno la kusoma: Mwanzo 33:12–14, Zekaria 8:4–5, Marko 10:13–16

Ujumbe wa juma hili ni mwendelezo wa mahubiri yetu juu ya familia. Wengi mliomba uandikwe ili msome nyumbani, na pia kwa ajili ya wale waliokuwa zamu bandarini wasiweze kufika.

Nianze na kisa. Miezi michache iliyopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinisubiri mlangoni. Mkononi ana karatasi, na nyuma yake mtoto wa kiume ameshika leso ya mamake. Akaniambia, "Pasta, naomba umuombee huyu. Ananitia aibu." Ile karatasi ilikuwa ripoti ya chekechea. Nambari 19 kati ya watoto 24. Chini mwalimu ameandika: mzito, anacheza sana.

Nikamuuliza, ana miaka mingapi? Akajibu, "Atatimiza minne mwezi wa nane."

Sisi tukizungumza, mtoto alikuwa ameshachuchumaa kwenye ngazi. Ameokota vifuniko vya soda, anavipanga. Vyekundu huku, vya kijani kule. Kimoja cha buluu hakikuwa na mwenzake. Akakiangalia, akafikiri, akakitia mfukoni. Mamake akamvuta mkono. "Unaona sasa, Pasta? Ndiyo kazi yake hiyo."

Nilimuombea. Lakini nilipofika nyumbani roho yangu haikutulia, maana nilihisi nimemwekea mikono mtu ambaye si mgonjwa.

Na kabla hujamhukumu mama huyo, ngoja nikiri langu. Mtoto wangu wa kwanza nilimfundisha kuandika akiwa na miaka mitatu, mwiko mkononi mwangu. Akikosea herufi namchapa vidole. Alijua kuandika jina lake kabla ya watoto wote wa ploti yetu, na mimi nilitembea na lile daftari nikiwaonyesha watu. Alipofika darasa la pili alikuwa akilia kila asubuhi kabla ya kwenda skuli. Leo ni mtu mzima, ana kazi yake, Mungu ni mwema. Lakini mpaka leo hasomi kitu asicholazimishwa kusoma. Herufi nilimpa, hamu nikamnyang'anya. Na aibu niliyokuwa nikiikimbia haikuwa yake, ilikuwa yangu.

Kwa hiyo swali ninalowaletea si la walimu peke yao. Ni swali la dhamiri: tuna haki ya kuuchukua utoto wa mtoto leo, ati kwa sababu tunamnunulia kesho yake?

Jibu la Yakobo kwa Esau

Mnakumbuka kisa cha Mwanzo 33. Ndugu wawili wamekutana baada ya miaka mingi. Esau amekuja na watu mia nne, watu wa mbio, wenye nguvu. Anamwambia Yakobo, twende, tufuatane njiani. Ni mwaliko mzuri. Ni kama ndugu mwenye gari kubwa anakwambia panda twende.

Yakobo anamjibu kwa adabu kwamba hawezi. Anamweleza kuwa watoto aliokuwa nao ni wachanga, na mifugo inanyonyesha, na wakisukumwa mbio hata kwa siku moja tu, kundi zima litakufa. Wewe tangulia, bwana wangu. Mimi nitawaongoza polepole, kwa kadiri ya mwendo wao.

Najua wasomaji hodari wa Biblia mtaniambia Yakobo hakufika Seiri alikomwambia nduguye, alikwenda zake Sukothi. Ni kweli, Yakobo ni Yakobo. Lakini juu ya watoto alisema ukweli mtupu. Angalieni mambo mawili hapa.

La kwanza, Yakobo hakuketi. Safari iliendelea. Mwendo wa polepole si uvivu, wala si kumwacha mtoto azurure. Timotheo naye alifundishwa Maandiko tangu uchanga wake, na imani ile ilikuwa imeanzia kwa nyanya yake Loisi na mamake Eunike. Watoto hufundishwa. Hoja ni mwendo gani.

La pili, katika msafara ule, nyuma kabisa pamoja na mamake Raheli, alikuwemo mtoto mmoja anayeitwa Yusufu. Hakuna aliyejua siku ile kwamba huyo ndiye atakayekuja kuilisha Misri na nyumba nzima ya babake wakati wa njaa. Siku ile alikuwa mtoto tu, miguu inauma. Na babake alipunguza mwendo kwa sababu ya miguu yake. Mambo ya Misri hakuyajua.

Wanaochunguza watoto wanasema nini

Wataalamu wa makuzi wamefanya kazi kubwa, na mengi waliyoyaona tungeweza kuyaona wenyewe kama tungetulia.

Wanatuambia kwamba ubongo wa mtoto hujengwa kwa kasi kubwa sana mwanzoni mwa maisha. Akifika miaka mitano umeshakaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Wazazi wengi wakisikia hivyo hukimbilia vitabu: basi tumjaze mapema! Lakini wataalamu hao hao, kama wale wa kituo cha makuzi ya mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard, wanasema kinachojenga ubongo ule kwa wakati huo ni majibizano. Mtoto anatoa sauti, mama anaitika. Mtoto ananyoosha kidole, baba anasema, "Ee, ni paka yule, amekaa juu ya ukuta." Mtoto anatabasamu, anapata tabasamu. Ni kama kurushiana mpira. Mtoto akirusha mara nyingi na hakuna anayerudisha, kitu ndani yake kinakosa kujengwa. Na ukali wa kila siku, vitisho na kipigo, hubomoa kilichoanza kujengwa.

Wanatuambia tena habari za mkono. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto wa miaka mitatu, mingi ya mifupa hiyo bado haijakomaa, ni laini kama sehemu ile laini ya sikio lako. Inaendelea kuwa migumu kidogo kidogo kwa miaka mingi. Sasa mimi nilikuwa namchapa mwanangu vidole kwa kosa la Muumba wake kutomaliza mifupa yake! Ndiyo maana mwalimu mzuri humpa mtoto udongo afinyange, unga akande, shanga atunge, maji amimine kutoka kikombe hiki hadi kile. Mkono unajiandaa kwa kalamu bila kalamu kutajwa.

Ushahidi unaotajwa sana duniani ulitoka mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Kati ya 1962 na 1967 watoto 123 wa familia maskini za watu weusi waligawanywa makundi mawili bila upendeleo. Kundi moja likaingia skuli ya chekechea ya Perry, jingine halikuingia. Katika skuli ile mtoto alipanga mwenyewe atakachofanya, akakifanya, kisha akakaa na mwalimu kusimulia alichofanya. Mwanzoni watoto wa Perry walipanda juu katika vipimo vya akili. Lakini baada ya miaka michache tofauti ile ya vipimo ikafifia. Mzazi wa kwetu angesema, "Karo imepotea." Watafiti hawakuwaacha. Waliwafuata mpaka wakafika miaka 40, wakaona waliopitia skuli ile walikuwa na kazi zaidi, mapato bora zaidi, na wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Kitu kilikuwa kimeota ndani yao ambacho kipimo cha akili hakikukiona: kuvumilia, kumaliza walichoanza, kuelewana na watu.

Mpendwa, ile ripoti ya nambari 19 ilipima nini?

Mfano wa hapa hapa Mombasa

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu. Yana historia katika kisiwa hiki, na ni historia ya majirani zetu. Imani yetu ni tofauti na yao na hatuifichi, lakini hekima tukiikuta kwa jirani tunasema asante.

Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani walimwendea Aga Khan kuomba msaada. Watoto wao walikuwa wakibaki nyuma katika skuli. Wazazi wengi walipenda mtoto aanze na chuo cha Kurani, na walihofu kwamba nasari zitamtoa katika dini na mila zake. Kwa hiyo mtoto alifika darasa la kwanza bila matayarisho waliyokuwa nayo wenzake. Ulikuwa mtego wa kweli: ama elimu ama imani.

Katikati ya miaka hiyo ya 1980 kazi ikaanza hapa Mombasa, na aliyeishika ni mwalimu wa hapa, Bi Swafiya Said. Jawabu lilikuwa kutomlazimisha mzazi achague. Walichukua mafunzo ya dini, wakachukua Kiswahili pamoja na hadithi na nyimbo zake, wakachukua na mbinu za HighScope, ambazo chimbuko lake ni kule kule Ypsilanti, wakayaunganisha katika chumba kimoja. Jamii yenyewe ilitoa mahali. Kina mama wa mtaa walifunzwa wawe walimu. Na vifaa? Vifuu vya nazi, kombe za pwani, mbegu, vitambaa, makopo, vifuniko vya chupa.

Nilipojua hilo nilimkumbuka yule mtoto kwenye ngazi zetu. Alichovutwa mkono kwa ajili yake, mwalimu aliyefunzwa angechuchumaa kando yake na kumuuliza, "Mbona hiki cha buluu umekiweka mfukoni?"

Mpango ule ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa nchi hizi. Waliopitia chekechea yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa hizi waliwapita wa chekechea nyingine. Kumbukeni, hizi hazikuwa skuli za matajiri.

Siku hizi hata serikali inasema lugha hiyo. Katika mtaala wa umilisi mtoto wa miaka minne yuko PP1 na wa mitano PP2, na mwalimu anatakiwa aangalie mtoto anaweza nini. Sera inasema pia mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Sisi wa Mombasa tuna bahati iliyoje! Lugha ya mahali petu ni Kiswahili, lugha anayoiota mtoto usingizini. Lakini sisi ndio tunaokwenda kwa mwalimu kumlalamikia kwamba mtoto hajaanza kuongea Kiingereza.

"Lakini Pasta..."

Nawasikia. Na hoja zenu nyingine ni nzito.

Wa kwanza atasema, "Pasta, wewe unaongea. Mimi nauza mahamri na mbaazi tangu saa kumi na moja alfajiri. Mwanangu asipojua kusoma mapema, skuli nzuri hazitamchukua, ataishia kubeba mizigo Marikiti kama babake." Dada, sitakucheka. Hofu yako ni upendo uliochoka. Na nasema wazi kwamba dhambi kubwa hapa si yako. Ipo kwa skuli zinazomfanyia intavyu mtoto wa miaka mitatu, na kwetu sisi jamii tunaopanga watoto kwenye foleni kisha tunakulaumu wewe kwa kusukuma. Lakini yale uliyo nayo usiyadharau. Mtoto anayekuhesabia mahamri kwenye sinia, anayeuliza kwa nini unga umeumuka, anayejibiwa, huyo yuko darasani. Kumjibu hakuna karo.

Wa pili atasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Sawa, nami naipenda methali hiyo. Lakini samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, taratibu. Ukimkunja kwa nguvu atakatika, na akishakatika hutamrudisha.

Wa tatu atafungua Mithali anionyeshe fimbo. Ndugu yangu, Mithali inataka mtoto asiachwe bila mwongozo, na hilo nalisimamia. Lakini Daudi, aliyekuwa mchungaji wa kweli, anasema fimbo ya Bwana ilimfariji. Jiulize kama yako inamfariji mtu. Na tusisahau sheria: kiboko kiliondolewa skuli za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imefanya kumpiga mwanafunzi kuwa kosa la kushtakiwa. Darasa letu la shule ya Jumapili nalo lisiwe mahali pa kujificha.

Swali lililo gumu zaidi

Sasa nataka twende ndani kidogo, maana hapa ndipo tunapoweza kupotea hata tukiwa na wataalamu upande wetu.

Wanauchumi wanatuambia kuwekeza kwa mtoto mdogo kunalipa. James Heckman, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, ameonyesha kwa hesabu faida iliyotokana na skuli ile ya Perry. Namshukuru, maana hesabu hizo zimewafanya wenye bajeti wasikilize. Lakini nakuuliza wewe mzazi: kama ingekuwa hailipi, je? Kama utafiti wa kesho ungesema mtoto aliyechapwa na kukaririshwa ndiye atakayepata pesa nyingi, ungeshika mwiko?

Na kuna watoto ambao kesho hiyo haiji. Katika kanisa hili tumezika watoto. Wazazi wao wako nasi kila Jumapili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Natamani ningemlaza mapema zaidi afanye homuwaki." Wanakumbuka kicheko chake. Wanakumbuka siku walipomwambia "niache nina kazi". Mtoto yule alikuwa mtu mzima kabisa mbele za Mungu, akiwa na miaka mitatu. Hakuwa mtu nusu anayengojea kukamilishwa na cheti.

Hapo ndipo Marko 10 inapotushika. Wanafunzi wa Yesu waliwakemea walioleta watoto. Walikuwa na sababu nzuri, Mwalimu ana kazi muhimu. Yesu akakasirika. Akawakumbatia, akaweka mikono juu yao, akawabariki. Hakuuliza watakuwa nani. Hakuwapa mtihani wa kuingia. Hatuambiwi hata mmoja wao alikuja kuwa nani. Na akawaambia watu wazima kwamba wao ndio wanaopaswa kujifunza kuupokea ufalme kama mtoto. Sisi tunahimiza watoto wawahi kuwa kama sisi, na Yesu anatwambia sisi tuwe kama wao.

Kwa hiyo nitajibu swali langu la mwanzo. Hapana, hatuna haki hiyo. Mtoto tunamwia subira kwa sababu ni mtu leo. Kwamba subira hiyo huzaa matunda kesho, kama wataalamu wanavyoonyesha, hiyo ni rehema ya Mungu juu yake. Lakini tusiigeuze rehema kuwa ndiyo sababu, maana mtoto huhisi. Anajua kama unacheza naye au unamwekeza.

Nabii Zekaria alipotaka kuonyesha mji uliorudiwa na Mungu, picha aliyopewa si ya majengo. Ni wazee waliokaa njiani na mikongojo yao, na njia zimejaa wavulana na wasichana wanacheza. Tembea Mji wa Kale jioni, kutoka Fort Jesus upite Ndia Kuu. Wazee wako barazani na kahawa yao. Watoto wako kwenye vichochoro, mpira wa matambara, kamba, gololi, kalongolongo. Zekaria angeujua mji ule. Lakini kila mwaka pikipiki zinaongezeka, na saa hiyo ya jioni watoto wengi wamefungiwa ndani na tyusheni.

Tufanye nini juma hili

Kila siku, mpe mtoto dakika ishirini bila simu. Yeye achague mchezo, wewe ufuate.

Kabla ya kulala, hadithi moja. Paukwa! Pakawa! Ya Biblia au ya nyanya. Acha akukatize kwa maswali.

Ripoti ikija, usiulize nambari kwanza. Muulize mwalimu: anafurahia nini? Ana rafiki? Na mwalimu naye tumheshimu, hasa yule mwenye watoto wengi na mshahara mdogo.

Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti. Kaunti ikiita wananchi kujadili bajeti, twende. Tuulize walimu, uji na uwanja wa kuchezea.

Na kanisani, kuanzia Jumapili ijayo, darasa la watoto wa chini ya miaka sita litakuwa na mkeka, mchanga, na kikapu cha vifuu na vifuniko. Mwenye navyo alete.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni aibu gani yangu ambayo nimemtwika mtoto?
2. Nani alipunguza mwendo kwa ajili yangu nilipokuwa mdogo?
3. Katika mtaa wetu, watoto wanacheza wapi? Kama hakuna mahali, sisi watu wazima tumefanya nini?

Yule mama amekubali niandike kisa chake bila jina. Wiki iliyopita aliniambia kitu. Alimuuliza mwanawe kuhusu kile kifuniko cha buluu, mbona alikiweka mfukoni. Mtoto akamwambia, "Kilikuwa peke yake, mama. Nikakichukua kisiogope."

Tuombe. Baba, tusamehe kwa watoto tuliowakimbiza. Wale ambao wameshakuwa wakubwa na majeraha yetu, waponye, na utupe ujasiri wa kuwaomba msamaha. Wale walio wadogo bado, tufundishe mwendo wao. Katika jina la Yesu. Amina.